Uzi maalumu: Ndoo iliyopasuka, karai lililotoboka, tairi chakavu. Tuongee kupandia mboga kwenye vyombo vibovu vya nyumbani

MamaBamia (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Huku kwetu Tabata nyumba zimejengwa ukuta kwa ukuta, ardhi iliyobaki ni ile ya kuanikia nguo. Lakini kila nyumba ina rundo lake nyuma ya choo: ndoo iliyochanika, karai lililoachwa na mafundi, dumu lisilo na kifuniko, sufuria iliyoliwa kitako na jiko la mkaa. Mimi mboga zangu nyingi zinatoka kwenye rundo hilo. Watu wamekuwa wakinifuata inbox niwaelekeze, nikaona bora nimwage hapa kila mtu afaidi, na wenye ujuzi zaidi waongezee nyama.

Naanza na jambo ambalo wengi hulifanya kinyumenyume. Usibebe chombo kwanza halafu ukaanza kujiuliza upande nini. Amua mboga, ndipo utafute chombo chenye kina chake. Mchicha, giligilani na vitunguu vya majani vinaridhika na udongo wa sentimita 15 hadi 20, kwa hiyo beseni, karai, hata droo ya kabati lililovunjika, vyote vinafaa. Sukuma wiki, chainizi, mnafu na spinachi vipe sentimita 25 hadi 30. Nyanya, bilinganya na bamia zinataka ndoo ya lita 20, mche mmoja kwa ndoo. Nimesema mmoja. Najua mche ukiwa mdogo ndoo inaonekana tupu na mkono unawasha kuongeza wa pili. Uache uwashe. Pilipili inavumilia ndoo ya lita 10.

Chombo kikishapatikana, kazi kubwa ni kukifanya kiachie maji. Mimea ya kwenye vyombo hufa kwa maji yaliyotuama mara nyingi kuliko kwa kiu: mizizi inakosa hewa, inaoza, majani yanakuwa njano, na mwenye mmea akiona njano anaongeza maji! Ndoo ya lita 20 toboa matundu sita hadi manane kitakoni, kila moja la kupitisha kidole cha mwisho. Ya plastiki tumia msumari mnene uliopashwa moto, ushike kwa koleo, fanyia nje maana ule moshi si wa kuvuta. Karai au sufuria iweke juu ya kigogo, gonga msumari kutoka ndani kwenda nje. Ukigonga kutoka nje, bati linajikunja kwa ndani na kuzunguka tundu kama ukuta mdogo, maji yanabaki chini yake. Kama ubavuni kuna ufa, ushone kwa waya kama wazee walivyoshona vibuyu: matundu madogo pande zote mbili za ufa, pitisha waya, kaza. Ufa mdogo hauna neno, udongo wenyewe utauziba.

Halafu udongo. Vyombo ni vya bure, lakini udongo utakutoa jasho, na hapo ndipo watu wanapobania. Udongo mtupu wa uani ukiujaza kwenye ndoo unashikana ukawa tofali, mvua mbili tu maji hayaingii wala hayatoki. Mimi nachanganya sehemu tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyooza kabisa na moja ya mchanga mnene. Wenye udongo wa kichanga kama wa Kigamboni punguzeni mchanga, ongezeni samadi. Samadi ya kuku iliyo mbichi usiiguse, inaunguza mizizi. Iloweshe, ifunike, iache hadi harufu kali iishe na ikishikwa isiwe na joto.

Chombo usikijaze hadi mdomoni. Acha vidole vitatu juu, vinginevyo kila ukimwagilia unaosha udongo wako sakafuni.

Picha nitatupia bando likiruhusu. Karibuni.

Mpita_Njia

Nimeweka kiti hapa. Endelea mkuu.

FundiBati

Mleta uzi umeongea vizuri, ila umesahau kokoto. Kila chombo lazima uweke kokoto chini vidole vinne ndipo maji yachuje. Ndivyo tulivyofundishwa shule kwenye somo la kilimo.

Kwa wanaotaka tairi: kata shavu tu, sehemu ya ubavuni, kwa kisu kikali ulichokipaka maji ya sabuni. Usihangaike na uso unaokanyaga barabara, mle kuna nyaya za chuma, utaharibu kisu na mkono. Tairi la gari dogo ukishakata shavu moja unaligeuza ndani nje kwa mguu na mikono miwili, linatoka umbo la bakuli. Ni kazi ya watu wawili. Mimi huwa natengeneza napaka rangi, wateja wapo.

MamaBamia

@FundiBati heshima yako fundi, lakini hizo kokoto tuzijadili. Hata mimi nilifundishwa hivyo hivyo. Maji yaliyoko kwenye udongo laini hayashuki kwenye kokoto mpaka ule udongo wa juu yake ulowe chapachapa kwanza. Kwa hiyo kokoto hazikaushi udongo, zinasogeza juu ile sehemu iliyolowa, karibu zaidi na mizizi. Na kwenye beseni la kina kifupi umeshampunguzia mmea vidole vinne vya udongo.

Ukitaka kuona, chukua kipande cha godoro la sponji, kiloweshe, kilaze bapa mkononi mpaka kiache kudondosha. Sasa kisimamishe wima. Kinadondosha tena! Sponji ni ile ile, maji ni yale yale, kilichobadilika ni urefu. Ndiyo maana chombo kirefu kinachuja vizuri kuliko kifupi chenye udongo huo huo. Badala ya kokoto, weka kipande cha chandarua kibovu juu ya matundu ili udongo usitoroke, kisha inua chombo juu ya vipande viwili vya tofali ili tundu lisizibwe na sakafu.

Tairi narudi kwake.

FundiBati

Nimekwenda kujaribu na kipande cha godoro la mtoto. Haya bwana.

Mwenye_Nyumba_Yake

Samahanini wadau, ila mimi naona hii ni kufanya nyumba iwe jalala. Mgeni akija anakuta madumu na masufuria meusi yamepangwa mlangoni. Kama mtu huna hela ya chungu si uache tu kupanda?

BiMrehani

@Mwenye_Nyumba_Yake mwanangu, taratibu. Mimi niko Mombasa, Mji wa Kale, na nimekulia katika nyumba ambazo ua mzima ulikuwa madebe. Mrehani kwenye debe la samli, asumini kwenye chungu kilichopasuka mdomo, mnanaa kwenye kopo la Kimbo juu ya kidirisha. Kikuba cha bibi harusi kilitungwa kwa mrehani na asumini za pale pale uani, na hakuna mgeni aliyeuliza debe lilikuwa la nini. Harufu ilimtangulia.

Mrehani hautaki chombo kikubwa. Utie kwenye debe la kina cha shubiri, ufinye vichwa vyake kila ukianza kutoa maua, nao utatanuka uwe kichaka. Ukiuacha uchanue ukazaa mbegu, majani yanakuwa madogo na shina linakuwa mti. Mnanaa upe chombo chake peke yake, una tamaa ya mahali.

MamaBamia

Bi mkubwa shikamoo, na ahsante kwa hilo la kufinya vichwa.

@Mwenye_Nyumba_Yake hoja yako siipuuzi, hata mimi sipendi vurugu. Vyombo vikiwa vya kila aina vinaleta fujo machoni. Panga vya aina moja pamoja, ndoo na ndoo, karai na karai, au vipake vyote rangi moja nyepesi kwa nje. Rangi nyepesi inapunguza na joto. Mchicha ukishatanda, kitu cha kwanza kuonekana ni mchicha.

Kayole_Mama

Hamjambo majirani. Huku Nairobi kwenye ploti hatuna hata mahali pa kuweka ndoo kumi, kwa hivyo sisi ni watu wa gunia. Baada ya ile ghasia ya uchaguzi wa 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza kueneza kilimo cha gunia Kibera mwaka wa 2008, na baadaye ikasambaa mitaa mingine. Na kabla ya hapo akina mama wa Green Belt Movement ya Profesa Wangari Maathai, iliyoanza 1977, walikuwa wanakuza miche ya miti kwenye vyungu vilivyovunjika na mikebe. Kwa hivyo hii si ushamba.

Gunia la kilo 90 unafanya hivi. Chukua mkebe mkubwa uliotolewa kitako, uusimamishe katikati ya gunia, uujaze mawe madogo. Jaza udongo na mbolea ya ng'ombe pande zote hadi mkebe ufunikwe karibu wote, halafu uvute mkebe juu, mawe yabaki. Ujaze tena mawe, tena udongo, hadi gunia lijae. Mwishowe una nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu, na maji unamwagia hapo katikati. Bila hiyo nguzo, mboga za juu zinalewa maji na za chini zinakauka.

Kisha toboa ubavuni kwa kisu, matundu ya kupitisha vidole viwili, yapishane, usiyapange mstari mmoja wima. Sukuma zinaingia ubavuni, juu unaweka vitunguu au nyanya. Lizungushe gunia kidogo kila wiki kama jua linapiga upande mmoja, lakini hilo ulipange mapema, uweke juu ya ubao wenye magurudumu, maana likijaa halisukumwi na mtu mmoja.

MamaBamia

Dada @Kayole_Mama, nguzo yako ya mawe inafanya kazi tofauti na kokoto za FundiBati, asije akasema nimejipinga. Ile inapitisha maji kutoka juu kwenda pembeni kwenye urefu wote wa gunia. Haikai chini kama sakafu.

Naongeza moja: salfeti, yaani gunia la nyuzi za plastiki, inaoza kwa jua. Msimu mmoja au miwili nyuzi zinaanza kukatika, na vile vipande vya plastiki vinaingia kwenye udongo wako. Ivishe kanga kuukuu au suruali ya jinzi iliyochanwa upande wa jua, na ikianza kuchanika ukiishika, ihamishe kabla haijasambaratika. Gunia la katani linaoza pia, lakini likioza linakuwa sehemu ya udongo.

MhudumuAfya_Temeke

Wadau, uzi mzuri lakini naomba mnisikilize kwenye matairi na visahani. Mbu wa dengi, Aedes, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, anapenda hasa maji kidogo yaliyotulia kwenye chombo: tairi, kopo, kisahani cha chini ya ua. Dar tuliupata mlipuko wa dengi 2014, tukaupata tena 2019. Mayai yake anayabandika ukingoni juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri mvua. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi, sugua ukingo kwa brashi.

Kutoka yai hadi mbu anayeruka, kwenye joto letu, ni kama wiki moja au siku kumi. Ukimwaga na kusugua visahani kila wiki umekata mzunguko. Tairi lililogeuzwa na kujazwa udongo halina shida. Lililolazwa tu, udongo katikati na mashavu yamebaki wazi kwa ndani, lile ni makazi ya mbu. Toboa shavu la chini sehemu nyingi.

Kijana_wa_Buza

Mleta uzi ulisema unarudi kwenye tairi. Mimi nina sukuma wiki kwenye tairi nne na tunakula. Kuna tatizo?

MamaBamia

Ndugu yangu, mpira wa tairi una zinki nyingi na mafuta mazito ya kiwandani, na tairi chakavu linazidi kuachia vitu kadiri linavyochanika na kupigwa jua. Mimi mboga ya kumlisha mtoto siiweki humo. Tairi zangu zina aloe vera na maua. Kama huna chombo kingine, weka humo mti wa matunda ukiwa mdogo, ukikua uhamishie ardhini.

Na hapa niseme wazi vyombo ambavyo havipandiwi chakula hata vioshwe mara ngapi. Boksi la betri la gari lina madini ya risasi (lead) na tindikali. Dumu lililobeba dawa ya mimea au ya mchwa, ile sumu inanywewa na plastiki yenyewe. Dumu la oili chafu. Kopo la rangi, hasa ya zamani, ambazo nyingi zilikuwa na risasi. Mbao za dawa zenye rangi ya kijani na vipande vya nguzo za umeme. Hivi hata maua siwekei, maana udongo wake siku moja mtu atauhamishia kwenye mchicha.

Plastiki iliyobeba chakula, maji au sabuni ya kufulia, osha tumia. Pindua kitakoni uone namba ndani ya pembetatu: 2, 4 na 5 ndizo ninazozipenda. 3 na 6 naziacha. Chupa za maji ni 1, zinafaa kwa miche, ila jua linazichosha upesi.

Stoo_Kurasini

Naongezea kwenye mbao. Pallet, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, zinazotoka bandarini zina muhuri. Ukiona HT ni mbao iliyotiwa joto tu, chukua. Ukiona MB ilipigwa dawa ya methyl bromide, achana nayo. Isiyo na muhuri hujui ilibeba nini, tengenezea benchi.

Mama_Junior

Swali dada: sufuria za aluminiamu nasikia zinatoa sumu kwenye udongo. Na zile bakuli za bati zenye rangi nyeupe zilizobanduka?

MamaBamia

Aluminiamu tayari imejaa kwenye udongo wa kawaida, hata kabla hujaleta sufuria. Inakuwa tatizo udongo ukiwa na tindikali kali, ndipo inayeyuka na kuumiza mizizi. Samadi nzuri na kijiko kimoja kimoja cha majivu kwa msimu vinaiweka sawa. Kijiko, si koleo. Majivu yakizidi mmea unadumaa. Karai la chuma lenye kutu halina madhara, litaisha tu mapema. Zile bakuli za rangi zilizobanduka, kama ni za zamani, wekea maua.

Na kama una chujio kubwa la plastiki lililovunjika mkono, usilitupe. Limeshatobolewa kiwandani. Tandika kitambaa, weka udongo, panda giligilani, ning'iniza dirishani.

Uajemini_Muscat

Nawasalimu kutoka Oman. Nyumba za jamaa zetu waliotoka Unguja huku hazikosi mrehani mlangoni, lakini kiangazi joto linapita nyuzi 40 na sufuria ya chuma inageuka jiko. Mizizi iliyogusa ukuta wa chombo inaungua upande wa magharibi. Tunachofanya ni chombo ndani ya chombo: ndoo yenye mmea inaingia kwenye ndoo kubwa zaidi au tenga, katikati tunasokota magunia au makumbi ya nazi. Na mtungi wa udongo usiopakwa vanishi, uliovunjika shingo, tunauzika katikati ya pipa kubwa, tunaujaza maji. Unatokwa na jasho polepole na mizizi inaufuata.

Mpangaji_Ghorofa

Mimi naishi ghorofa ya tatu, baraza ndogo. Nyanya zinachanua, zinazaa, halafu tunda linaoza kitakoni likiwa bado bichi, doa jeusi. Nimepiga dawa ya ukungu mara kibao. Na jirani wa chini ananigombeza maji yanadondokea nguo zake.

MamaBamia

Acha dawa mkuu, huo si ukungu. Tunda limekosa chokaa (kalsiamu), na mara nyingi udongo unayo ila maji hayaifikishi kwa sababu leo umemwagilia, kesho umesahau, keshokutwa umefurikisha. Ndoo inakauka haraka kuliko shamba. Mwagilia asubuhi kila siku, na kwenye jua kali jioni pia, ukiingiza kidole hadi fundo la pili kwanza: kikitoka na udongo umenata, subiri. Funika juu kwa majani makavu au pumba za mpunga. Matunda yaliyokwisha oza kata, yanayofuata yatatoka mazima.

Kuhusu baraza, ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa inakaribia kilo 30. Usizipange zote kwenye ukingo wa nje, ziweke karibu na ukuta wa nyumba, na uliza mwenye jengo kabla ya kuongeza. Pumba za mpunga zilizooza ukizichanganya kwenye udongo zinapunguza uzito. Chini ya ndoo weka beseni bovu lisilotoboka kwa ajili ya jirani, na ulimwage siku hiyo hiyo kwa ajili ya MhudumuAfya. Na siku ya kwanza ya kuvuna mpelekee jirani fungu lake, kelele zitapungua.

Kayole_Mama

Hapo kwa jirani umesema ukweli.

Kijana_wa_Buza

Mbolea je? Mboga zinaanza vizuri, mwezi wa pili zinapauka.

MamaBamia

Kila ukimwagilia, chakula kinatoka na maji kwenye matundu, ni kawaida ya vyombo. Loweka samadi kwenye ndoo, ifunike, ikoroge kila baada ya siku chache kwa wiki mbili. Chota kopo moja, ongeza maji makopo kumi hadi iwe na rangi ya chai ya rangi nyepesi. Mwaga kwenye udongo kila wiki mbili, usimwage kwenye majani, hasa ya kula mabichi kama giligilani. Baada ya msimu umwage udongo wote juu ya turubai, chambua mizizi, changanya samadi mpya theluthi moja, na usirudishe nyanya mahali palipokuwa na nyanya au bilinganya. Weka mchicha au maharage.

Mama_Junior

La mwisho dada, nina friji bovu kubwa, limelala uani mwaka mzima. Naweza kulilaza nikalijaza udongo?

MamaBamia

Droo zake za chini za mboga ndizo dhahabu, toboa kitako upande mchicha leo leo. Zile waya za rafu zisimamishe ukutani, maharage na matango yatapanda juu yake. Bodi lenyewe usilikate wala kulitoboa, mabomba yake yana gesi na kuta zina sponji ya kemikali. Muite fundi wa friji atoe gesi na mota kwanza, na hata hapo liwe la maua. Na mlango ung'oe hata kama huna mpango wa kupanda kitu, usiache hadi kesho. Watoto wakicheza kombolela hujificha humo, ukijifunga hawana pa kuvutia hewa.

Mama_Junior

Nang'oa sasa hivi. Junior ndiye bingwa wa kombolela hapa mtaani.